Chokaa Iliyomngoja Asteria Ndaki

Baba Padri, makatekista, wazee wa Mwigembe, ndugu zetu Waislamu mliotoka Kambarage tangu alfajiri, wachimbaji mliosimamisha maduara yenu, mashimo ya dhahabu, kule Buseresere mkaja na vumbi lenu, na ninyi wakwe mliokaa upande wa ukuta wa kaskazini mkiugusagusa kwa vidole mkidhani hamwonekani, familia inaomba masikio yenu. Inayosomwa hapa ni historia ya Asteria Ndaki, na haikuandikwa na kamati ya mazishi, aliisema mwenyewe akiwa hai, mwezi wa Februari mwaka huu, amekaa mkekani barazani kwake, akimwamuru shemeji yake Edward aandike bila kupunguza wala kupamba, na huyo Edward ndiye mnayemwona ameshika karatasi hizi, amevaa miwani ya kuazima.

Kulikuwa na sharti moja. "Kwenye misiba yenu kila marehemu ni malaika," alisema, "sasa ikifika zamu yangu, habari ya saruji usiiruke." Basi atakayesikia leo jambo lisilozoeleka msibani asimkunjie uso msomaji, mjumbe hauawi, tena mjumbe mwenyewe naye ana sehemu yake ya aibu humu ndani, na itasomwa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Novemba 1951, hapa hapa Mwigembe, wakati huo ikiwa wilaya ya Shinyanga na leo wilaya ya Kishapu, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kulainisha mbuga, akiwa mtoto wa nne na binti pekee wa Mzee Ndaki na Mama Agnetha, na alibatizwa Krismasi ya mwaka huo huo ndani ya kanisa hili mlilokaa. Baba yake alikuwa mchoma chokaa, ndiye aliyechonga mawe ya kanisa hili mwaka 1937 akiwa kijana asiye na mke, na mkipita nyuma ya sakristia mtaona alama ya patasi yake kwenye jiwe la pembeni, mistari mitatu iliyolala, kwa kuwa jina lake hakujua kuliandika.

Kwa wageni wa mbali ni vema ieleweke ni jiwe gani linalosemwa. Vilima vyetu vya Shinyanga ni vya matale, mawe makubwa magumu yanayovunja nyundo na moyo wa fundi, lakini ukishuka mbugani, ukichimba udongo mweusi mpaka kiunoni, unakuta tabaka jeupe, mahali pengine vipande kama viazi, mahali pengine bamba zima, na hilo ndilo jiwe la chokaa la kwetu, linalokubali kuchongwa likiwa bado na unyevu na kukakamaa likishapigwa na upepo. Kwa jiwe hilo wazee waliweka misingi, wakachoma chokaa, wakapaka nyumba za matofali ya tope zikang'aa na kuhimili mvua, na nyumba ya tope iliyopigwa lipu ya Ndaki ilizeeka pamoja na mwenyewe.

Mzee Ndaki alikuwa na desturi ambayo jirani zake waliicheka. Kila alipozaliwa mtoto kwake, alichoma tanuru moja, akaizima chokaa kwa maji mpaka ikaacha kufoka, akamimina ile rojo nyeupe kwenye shimo lililosilibwa kwa udongo wa mbuga, akafunika kwa nyasi na udongo mweusi, na shimo hilo halikufunguliwa mpaka siku mtoto huyo aolewe au aoe, ndipo chokaa yake ikapige lipu nyumba yake. "Chokaa changa ina hasira," alikuwa akisema, "chokaa nzee ina adabu." La Asteria lilichimbwa chini ya mgunga ulio nyuma ya zizi, siku ile ile ya tarehe 14 Novemba, na inasemekana lilikuwa kubwa kuliko ya kaka zake wote watatu, jambo ambalo kaka zake walilitaja mpaka walipozeeka.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1960 katika shule ya misheni, akamaliza darasa la nne mwaka 1963, na hakuendelea, kwa kuwa shule ya kati ilikuwa mbali na yeye alikuwa msichana, sababu mbili ambazo enzi zile zilihesabika kuwa moja. Darasani alikumbukwa kwa kuleta vipande vya jiwe la baba yake na kuwagawia wenzake waandikie chaki zilipokwisha. Baada ya hapo shule yake ikawa tanuru, na kufikia mwaka 1968 alijua kwa kusikiliza tu mlio wa jiwe likigongwa kama limeiva au bado.

Tarehe 22 Julai 1972, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na fundi mwashi Kalisti wa Kahama, na hapo ndipo inapoingia aibu ya msomaji. Siku ya kumchukua bibi harusi, Mzee Ndaki alikwisha kuandaa mapipa ya kubebea chokaa ya binti yake, lori la wakwe limesimama hapo nje, na mdogo wake bwana harusi, kijana wa miaka kumi na tisa, amevaa suruali pana chini na akili finyu juu, akapanda nyuma ya lori akasema mbele ya watu, "Kaka anajenga kwa saruji, hiyo chokaa yenu pakeni mabanda ya kuku." Watu wa Kahama wakacheka. Mzee Ndaki hakucheka wala hakukasirika, alilitazama shimo, akalitazama lori, akasema, "Haiozi. Itamngoja." Marehemu aliondoka hapa akilia, na wote walidhani analilia nyumbani kwao. Kijana huyo aliitwa Edward.

Ndoa hiyo ilijaliwa watoto watatu, Charles aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1974, Violeth tarehe 19 Agosti 1978 na Dorah tarehe 30 Januari 1983, na marehemu ameacha wajukuu saba. Waliishi Kahama mpaka mwaka 1994, Kalisti akijenga na mkewe akisimamia mchanga na kokoto, na fundi aliyethubutu kumpunja mchanga alirudi kwao anatembea kwa adabu.

Mwaka 1994 familia ilihamia Buseresere kufuata kazi za ujenzi, dhahabu ikiwa imewapandisha watu kichaa, na huko marehemu alipata jina ambalo wengine wenu mnamwita nalo mpaka leo, Mama Ndimu. Ilikuwa mwezi wa Septemba 1996, kundi la wachimbaji lilipochimba duara upande wa bondeni, likakuta bamba jeupe, likashangilia kwamba limepata mwamba, maana dhahabu ya ukanda wa Geita hupenda kukaa ndani ya mawe meupe, na habari zikaenea mpaka watu wakaanza kuchagua ng'ombe wa kuchinja. Marehemu alifika na kikapu cha sokoni, akachukua kipande, akakikwaruza kwa kisu, kikakubali kisu, akasaga unga kidogo juu ya sinia, akaukamulia ndimu, na unga ukachemka mapovu madogo madogo. "Mwamba wa dhahabu haukubali kisu wala haujali ndimu," aliwaambia. "Hili linajali. Ni chokaa, wanangu."

Walimwambia arudi jikoni. Walisaga siku sita kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe, na karasha ikawarudishia unga mweupe ambao hata kuku waliukataa. Siku ya saba waliuacha ule unga na lile rundo la mawe, marehemu akaja na mkokoteni, akayachukua yote, akajenga tanuru, akachoma, na wiki tatu baadaye zahanati, shule na nyumba za wachimbaji wale wale zilikuwa nyeupe. Mwenye duara, Bwana Nasibu, tunaye hapa, leo ni mzee wa heshima, naye ameomba tusome hili kwa sauti.

Bwana Kalisti alitangulia mbele ya haki tarehe 11 Mei 2006, na mwishoni mwa mwaka huo marehemu alirudi hapa Mwigembe, akajenga karibu na boma la baba yake.

Sasa tunafika kwenye saruji. Mwaka 2012 kanisa hili lilitimiza miaka sabini na mitano, ikaundwa kamati ya jubilei, na marehemu akawa mjumbe wake mwenye sauti kubwa kuliko wote. Kuta zilikuwa na lipu ya zamani ya baba yake, zimefubaa, zimeota ukungu huku na huku, na binti wa mchoma chokaa, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya Kahama na Buseresere, alitamani kanisa la baba yake lifanane na benki. Ni yeye, tunasoma kama alivyoagiza, ni yeye aliyesimama kwenye kikao cha tarehe 10 Juni 2012 akasema chokaa ni mambo ya kale, ni yeye aliyechagua fundi, ni yeye aliyesimama juani siku kumi na mbili kuta zote nne zikipigwa lipu ya saruji nene ndani na nje, na siku ya jubilei watu walimpigia vigelegele, naye akavipokea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uuzibe kwa kitu gani. Mvua sita zilipita, na mwezi wa Aprili 2018 ukuta wa kaskazini ulivimba tumbo, lipu ikabanduka kwa mabamba, bamba moja likaanguka juu ya benchi la wanakwaya, siku ya Jumamosi, hakuna aliyekuwepo, Mungu ni mwema. Nyuma ya lipu jiwe lilikuwa limelowa na kumong'onyoka kama mkate uliosahaulika kwenye maji.

Ndipo akaja Nuruddin, mtaalamu wa miamba, mtoto wa Kambarage ambaye babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, aliyekuwa akipita vijijini akichunguza udongo kwa ajili ya visima, akamwamkia marehemu shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaombwa aangalie ukuta. Walizungumza mchana kutwa, na marehemu aliyakumbuka mazungumzo hayo mpaka mwisho. Nuruddin alimweleza kwamba chokaa ya pwani aliyoisikia kwa babu yake ni mifupa ya viumbe wa baharini, bali jiwe letu halikuwahi kuiona bahari, ni maji ya mvua yaliyopita kwenye matale yakabeba chumvi ya mawe kidogo kidogo, yakatulia mbugani, kiangazi kikayanyonya, na yaliyokuwa ndani yake yakabaki, mwaka baada ya mwaka, maelfu kwa maelfu ya miaka. Marehemu akamjibu, "Baba alisema hivyo hivyo, mwanangu. Alisema jiwe hili huzaliwa pale maji yanapofia."

Kisha Nuruddin akabandua saruji kwa nyundo, akaweka kiganja chake kwenye jiwe, akasema, "Mama, ukuta huu haujachoka. Jiwe hili maji yanapita, yanapanda kutoka chini na kutokea kwenye lipu ya chokaa, ndivyo lilivyoishi miaka yote. Mmeliziba pumzi." Marehemu aliketi chini pale pale kwenye majani, na hakuinuka mpaka Violeth alipokuja kumchukua. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja na mizigo yake yote, kwa kuwa jengo hili ndilo alama pekee ya baba yake iliyobaki juu ya ardhi, na mkono uliolitia ugonjwa ulikuwa wake.

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2019, kamati chini ya mwenyekiti wake Mzee Benjamini, ambaye yuko hapa mbele na anajua anasemwa, ilitangaza kwamba kanisa litabomolewa na kujengwa jipya la matofali ya saruji. Marehemu alisimama katikati ya kanisa, akavua viatu, akasema, "Aliyeua ukuta huu si mvua wala si uzee, ni mimi Asteria mtoto wa Ndaki, mlinipigia vigelegele nikiuua. Nipeni mvua moja. Ukianguka, mawe nitayabeba kwa kichwa changu mwenyewe mpaka shimoni yalikochimbwa." Mzee Benjamini akamuuliza chokaa ataitoa wapi, maana tanuru zimekufa, kuni hakuna, na chokaa iliyochomwa jana itapasuka kesho. Na marehemu, ambaye kwa miaka arobaini na sita hakuwahi kulitaja, akasema, "Nina shimo."

Walilifungua tarehe 1 Julai 2019, kiangazi kikiwa kimekauka vizuri. Mgunga ulikwisha kukatwa, zizi lilikwisha kuhama, hata kaka zake hawakukumbuka mahali, akapima mwenyewe kwa hatua kutoka kwenye jiwe la kusagia la mama yake, akachomeka fimbo, akasema hapa. Nusu ya kijiji ilikuja kuona maajabu au kuona aibu, na wengine hawakujali ni ipi. Udongo mweusi ulitoka, nyasi zikatoka zimekuwa nyeusi, na chini yake, baada ya miaka sitini na saba na miezi saba, mbuga ikiwa imeufunga unyevu wote humo ndani, chokaa ilikuwa nyeupe, baridi, laini, imeganda kama maziwa mgando mazuri, na jembe lilipoingia lilitoka na tonge zima. Marehemu akaichota kwa mikono miwili. Hapa, ndugu waombolezaji, aliagiza isomwe kwamba alilia, na kwamba safari hii kila mtu alijua analilia nini.

Kazi ilichukua wiki kumi na moja. Walibandua saruji yote, ndani na nje, wakaacha mawe wazi yakauke, wakatoa yaliyooza, Charles akachonga mengine kutoka mbugani, wakapiga lipu nyembamba mara tatu na kuifunika kila mara kwa magunia mabichi ili isikimbie kukauka, na kwa kuwa chokaa ya shimo ilitosha ukuta wa kaskazini tu, marehemu akachoma tanuru mpya kwa ajili ya kuta nyingine, bila kukata mti hata mmoja wa ngitili yetu, hifadhi ya miti na malisho ya kijiji, kwa pumba za mpunga zilizoletwa na malori kutoka kwenye mashine za Kahama. Alikuwa na miaka sitini na saba na alipanda jukwaa kuliko vijana.

Kisha mvua ikaja, na wote mnaikumbuka mvua ile ya 2019 kuingia 2020, iliyobeba madaraja na ng'ombe. Mwigembe nyumba kumi na nne zilianguka, nane kati yake za matofali ya saruji. Kila asubuhi marehemu alitoka na mwavuli akaweka kiganja chake kwenye ukuta wa kaskazini, mwezi wa Desemba, wa Januari, wa Februari, na Mzee Benjamini naye alikuwa akichungulia dirishani kwake akidhani haonekani. Jumapili ya tarehe 7 Juni 2020, baada ya misa, mwenyekiti alikuja na kamba na jiwe la timazi, akapima ukuta mbele ya watu wote, juu, katikati na chini, na haukuwa umevimba hata kwa unene wa ukucha. Mzee Benjamini akageuka, akakunja goti mbele ya mwanamke aliyemzidi kwa miaka miwili tu, akasema shikamoo, na vigelegele vilivyopigwa siku hiyo vilimfukuza mbwa wa katekista mpaka leo hajulikani aliko. Marehemu alisema hivyo ndivyo vigelegele anavyovikubali, vile vya 2012 virudishwe kwa wenyewe.

Tangu hapo alifundisha mafundi kumi na tisa, wanne kati yao wanawake, akawazimia na kuwafukia chokaa wajukuu wake wote saba, kila mmoja na shimo lake na jina lake kwenye kigae, na Nuruddin alimletea wanafunzi kutoka vyuoni waliokuja kuuliza habari za jiwe, wakaondoka wakijua kulisikiliza.

Mwezi wa Oktoba 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo na kuvimba miguu, akatibiwa mjini Shinyanga kwa vipindi vitatu, na Jumanne ya tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mlango ukiwa wazi na kanisa likionekana, akaaga dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi sita na siku ishirini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipokuwa akikwaruza kuta za wodi kwa ukucha na kuwaeleza kilichomo, inawashukuru jirani zake wa Mwigembe kwa kuni, maji na usiku mliokesha, mafundi kumi na tisa mliojenga kaburi, wachimbaji wa Buseresere, Nuruddin na watu wa Kambarage, na Mzee Benjamini, aliyeomba mwiko wa kwanza wa lipu ya kaburi leo uwe wake. Wabeja, wabeja sana.

Limebaki neno moja. Ukuta ulipokwisha mwaka ule, ndani ya lile shimo ilibaki chokaa ya ndoo tatu, marehemu akaifukia tena bila kusema ni ya nini, na Februari alisema. Leo alfajiri shimo limefunguliwa kwa mara ya mwisho, kaburi limepigwa lipu kwa chokaa iliyolazwa siku aliyozaliwa, na ndoo zote tatu, kutoka shimoni mpaka kaburini, hakuruhusiwa kuzibeba kijana yeyote, kwa maagizo yake mwenyewe zimebebwa na shemeji yake Edward, mwenye miaka sabini na miwili, kwa miguu, watu wakitazama.

Imefika nyumbani kwako, Asteria. Lala kwa amani, ukuta umesimama.